Kisu cha Kabichi

Jani lilichomoka mkononi mwa Wan-ju bila kuvutwa, na ute wa kahawia ukamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Harufu ilimpanda puani akageuza uso. Fungu la tano hilo, limeoza kuanzia chini.

"Ng'oa yote ufukie," alisema Po-han, mchumba wake, akiwa amesimama mbali, kitambaa puani. "Bonde zima la Zhuzihu limejaa mayungiyungi. Tutapata mengine."

"Haya yana ukingo wa waridi. Mama alichavusha kwa mkono miaka tisa ndipo akayapata. Hayapo kwingine, nawe unajua."

"Mama yako hayupo tena, mpenzi. Jumapili tunaoana, wewe umekaa kwenye tope unalia na viazi vya maua."

Wan-ju alikuwa akiangalia kiazi cha ua alichokifukua. Upande mmoja kilikuwa na mkato. Yeye hakuwa amekata kitu mwaka huu. Akifukua kugawa miche, hufuta kisu kwa pombe kali ya mtama kila anapohamia fungu jingine, kisha hupaka kila kidonda majivu. Kidonda hiki hakikuwa hata na chembe ya majivu.

"Po-han, mwezi uliopita uliniomba nikugawie maua haya. Nilikujibuje?"

"Kwamba nisubiri tuoane. Utanigawia mwenyewe, tupande kwa mama yangu."

"Ukasubiri?"

"Sasa maswali gani haya?"

Simu ya Wan-ju ikalia. Ujumbe ulikuwa kwenye kundi la wapanda maua, kutoka kwa mtu anayeitwa Chia-wen, wa Beitou:

*Dada zangu, naomba msaada. Maua yangu yananuka kama panya aliyekufa. Ndiyo kwanza nimepewa na mchumba wangu.*

Picha ilionyesha ua moja lililobaki wima kwenye kopo. Jeupe, na ukingo wa waridi.

Wan-ju akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Dada Chia-wen, mimi ni Wan-ju wa kwenye kundi. Hayo maua alikupa nani?"

"Asante kwa kupiga, dada. Mchumba wangu. Anauza mboga sokoni. Aliniletea viazi vimefungwa kwenye gazeti, akasema maua hayo ameyazalisha mwenyewe kwa ajili yangu."

Po-han alishusha kitambaa. "Kata hiyo simu," alisema kwa sauti ya chini.

"Alikata kwa kisu gani?"

"Kile anachopunguzia kabichi zilizooza. Alimalizia kukata hapa kwangu. Hakukiosha hata mara moja. Dada, huyo anayeongea hapo ni nani?"

"Muulize mwenyewe."

Sauti ya Chia-wen ikarudi, nyembamba. "Po-han? Si ulisema uko Taichung unachukua mzigo?"

Wan-ju alimtazama mwanaume ambaye yeye alilala na kuamka akimuwaza kwa miaka minne, akaona kichefuchefu tu. Po-han alikuja siku isiyojulikana, akakata moyo wa bustani ya marehemu kwa kisu chenye uozo, akaenda kumtongoza mwanamke mwingine kwa maua hayo.

"Wan-ju, sikiliza. Ni maua tu."

Akanyoosha mkono kumshika bega.

"Usiniguse. Unanuka."

"Wewe ndiye mwenye ute mpaka kwenye kiwiko."

"Wangu utatoka kwa sabuni. Nenda, Po-han. Mama yako nitampigia mwenyewe."

Aliondoka akipitia katikati ya mafungu yaliyooza, na kiatu chake kikazama kwenye moja. Hakuna aliyemwonea huruma.

"Dada," Chia-wen alisema simuni, akilia sasa. "Naapa sikujua."

"Najua hukujua. Chunguza viazi vyote. Kuna ambacho bado ni kigumu?"

Ikasikika sauti ya udongo ukichimbuliwa. "Kimoja. Kidogo kama kidole gumba."

"Usikiguse kwa kisu. Kioshe kwa maji safi, kipake majivu, kikae kivulini siku mbili."

"Halafu nikuletee?"

"Niletee."

Ijumaa asubuhi Chia-wen alifika, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyovimba, kiazi kimefungwa kwenye leso mpya. Wan-ju alikinusa. Kilinuka udongo tu. Wakakipanda kwenye chungu chenye udongo mgeni, mbali na bustani, bila maneno mengi.

Kisha Wan-ju akanawa mikono mara tatu, akaingia sebuleni zilikorundikwa keki za uchumba ambazo kwao Po-han walizileta zigawiwe jamaa. Akachukua boksi la juu, akakata utepe, akampa mgeni kipande, na chake akakiinua mdomoni.

Baba yake alitoka jikoni akashtuka.

"We mtoto, weka chini. Bi harusi hali keki zake mwenyewe. Akizila, anakula bahati yake."

Wan-ju alitafuna taratibu, akameza.

"Bi harusi yupi, baba?"

Mzee aliangalia chungu kilichokuwa kizingitini, akamwangalia mgeni, akavuta kiti akakaa.

"Basi nikatieni na mimi," alisema. "Ila kisu kioshwe."