Dole Katika Safu ya Pili

Kufuli ya kunishinda mimi bado haijatengenezwa, ulizeni mtaa mzima. Lakini faili la bibi yangu mzaa mama lilinitoa jasho miezi minne.

Mama alikuwa kitandani, amebaki mifupa na macho. Alikuwa na miaka sita mama yake alipopelekwa hospitali hajiwezi, asirudi tena. Wakubwa walimwambia tu, "Ameshazikwa." Wapi? Hawakumwonyesha. Sasa alikuwa na ombi moja: "Nitafutie alipolala, mwanangu, na mimi nilazwe ubavuni kwake."

Nikaenda ofisi ya vizazi na vifo. Njoo kesho. Nikaenda. Kitabu kimeliwa na mchwa. Safari ya kumi na moja nilifunga mapema kibanda changu cha kuchonga funguo, nikafika jua linazama.

"Fundi, wewe kupe!" karani akacheka, anavaa koti. "Hata mke wangu hanifuati hivi."

"Mkeo hajui unapojificha, bwana. Mimi najua."

Akachoka. Akanionyesha ngazi ya kushuka. "Masjala ya zamani iko huko. Ukimkuta mtu, bahati yako."

Nikashuka. Baridi. Harufu ya wino... na ya udongo uliomwagiwa maji.

Nyuma ya meza alikaa bibi kizee, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Karibu, mjukuu wangu," akanong'ona.

Wazee wote huniita mjukuu. Sikushtuka. Nikamtajia jina la bibi. Hakupekua kitu. Ukurasa ulishafunguliwa.

"Unakaa wapi?"

Mimi na mdomo wangu! Nikamwaga yote: nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani, makomeo matatu niliyoyatengeneza kwa mkono wangu, hata jini hapenyi.

Akatabasamu. "Na mama yako?"

"Yumo ndani. Mgonjwa."

Kalamu ikaandika. Kwaru... kwaru...

"Tia dole, mjukuu wangu."

Shule niliiacha mwenyewe darasa la tano, ilikuwa inanichelewesha. Lakini kusoma, nasoma mbio kuliko mwalimu. Safu zilikuwa mbili, nafasi tupu moja tu. Nikatupa jicho: Anayetafuta. Si ndiye mimi? Nikagandamiza dole gumba.

Akachana nakala ya kaboni, akanipa. Mkono wake ulikuwa baridi kama bati.

Nyumbani nikaingia na mbwembwe. "Mama, nimempata!"

Mama akaivuta karatasi karibu na taa. Yeye husoma polepole, dole gumba chini ya kila herufi. Likatambaa... likatambaa... likasimama.

"Soma tena, mwanangu. Hapa pana W."

Anayetafutwa.

Chini yake, dole langu.

Kwenye safu ya Anayetafuta kulikuwa na dole jingine, dogo, kovu limelikata katikati. Mama akaligusa, machozi yakamtoka. "Bati la dirisha lilimkata. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Nikasoma mstari wa mwisho. Mahali alipo: nyumba ya tatu, mlango wa kijani.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Mfungulie," mama akanong'ona. "Ni mama yangu."

Mimi, fundi wa kufuli zote... nikakaa sakafuni, mgongo mlangoni, nimeng'ang'ania komeo kwa mikono miwili. Harufu ya udongo mbichi ikapita chini ya mlango. Mama aliniomba mpaka sauti ikamwisha.

Alfajiri alikuwa ameshapoa.

Tulimzika peke yake. Alipolala mama yake sipajui hadi leo.

Nilirudi kwa karani. "Nilikuwa nakufukuza tu, fundi," akasema. "Kule chini tunaweka ndoo na mafagio." Lakini hakunitazama usoni. Alikuwa anakitazama kidole changu, ambacho sabuni zote zimeshindwa kukitakasa.

Watu wanasema uchovu ulinichezea akili. Sawa. Basi waje jua likizama, waone mlango wangu. Kila siku nafuta wino mbichi pembeni ya tundu la ufunguo: dole dogo, lina kovu.

Tangu mazishi, madole ni mawili.

La pili nalijua. Ndilo lililonionyesha ile W.