Pumzi Ndani ya Redio ya Upepo

"Mwalimu, nyuma yako kuna mtu anapumua," alisema Ndyamukama kutoka Kishanda.

Ildefons aligeuka. Sebuleni kwake, Ijuganyondo, hapakuwa na mtu. Mwalimu huyu mstaafu alikuwa akizungumza na rafiki yake kwa redio ya upepo, mtambo wa zamani aliouziwa na mzee Kanubhai alipofunga duka lake mjini Bukoba, na mtambo wa umri ule kukoroma si ajabu. Akacheka.

"Labda kapasita imechoka."

Akabadilisha kapasita. Akasugua miguu ya vali, zile taa za kioo ndani ya mtambo, akachomelea upya kila kiungo alichokitilia shaka. La kuvunda halina ubani, kelele ikazidi. Ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyetoka kuogelea, na sebule ikaanza kunuka dagaa wabichi.

Mkewe, Renatha, ndiye aliyeingiwa na hofu kwanza. Mwana wao wa pekee, Lwakatare, alizama akirudi kutoka kisiwa cha Goziba, na ziwa halikumrudisha. Wazee wakazika mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi, ili msiba upate mwisho. Uliisha kwa wageni tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Baba Lwakatare," alinong'ona, "zima hicho kitu."

Ildefons akachomoa waya ukutani, vali zikafifia moja moja hadi zikawa nyeusi, lakini mtambo usio na umeme hata chembe ukaendelea kupumua, ukapumua kwa kasi, ukakohoa maji, na katika spika iliyopaswa kuwa bubu ikatoka sauti ya kijana anayetetemeka kwa baridi, ikisema, "Mama, nasukuma hapafunguki. Mama, nitoe."

Shangazi Kokushubila, aliyeongoza maziko yale, alipoitwa hakuitazama redio. Aliufuata waya wa ethi, ule wa kuunganisha mtambo na ardhi, uliotoka dirishani, akaishia migombani. Ildefons alikuwa ametafuta udongo laini wenye unyevu wa kuchomeka chuma cha waya huo, kama fundi yeyote, na udongo laini kuliko wote kibanjani ulikuwa wa kaburi la mgomba.

"Kaburi lisilo na mtu hupata mpangaji," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini wa ziwani, nawe umempa mdomo. Ng'oa, mwanangu."

Ildefons akang'oa. Nyumba ikatulia, naye akalia kama siku ya msiba.

Asubuhi alimkuta Renatha amepiga magoti kaburini, mikono imejaa udongo. Chuma kilikuwa kimerudi palepale.

"Mama Lwakatare, huyu si mwanetu."

"Najua. Mwanangu aliniita mae maisha yake yote. Huyu ananiita mama." Akajifuta machozi kwa kiwiko. "Lakini nani mwingine amebaki wa kuniita?"

Ndani ya nyumba pumzi ilikatika ghafla, kana kwamba kuna aliyekuwa akisikiliza. Kisha sauti ikaita, taratibu, ikijifunza:

"Mae."

Renatha akainuka, akaingia ndani.