Kitufe cha Kusemea

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uwamwezi alipangusa vumbi kwenye redio ya kijiji cha Muheto. Ilikuwa redio mpya ya mkononi, si kama foni, ile redio kubwa ya zamani iliyohitaji watu wawili kuibeba. Hii haikuogopa mvua, na kioo chake kidogo kilionyesha majina ya vituo vyote. Papa Karangwa, baba yake mdogo, aliitunza kwa ajili ya wagonjwa na maporomoko ya udongo. Salamu zilikatazwa.

Lakini jina moja kwenye kioo lilimchoma Uwamwezi moyo: Pinga. Huko ndiko mama yake, Verdiane, alikokuwa akimuuguza bibi, na barabara ilikuwa haipitiki kwa mwezi wa saba sasa. Uwamwezi alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mama yake, na hilo lilimliza peke yake jikoni.

Jumamosi moja asubuhi, Papa Karangwa alitoka kwenda kuhamisha mbuzi. Uwamwezi akachagua Pinga, akaita. Nestor, mtunza redio wa huko, akaitika na kusema anamwita mama, yuko karibu. Hapo mtoto akabonyeza kitufe cha kusemea na kuanza: maharage yamevunwa, mdogo wake Manzi ameng'oka jino, yeye mwenyewe yuko darasa la sita. Alisema na kusema, kidole kimeganda kwenye kitufe, mpaka aliposikia hatua mlangoni.

Alikuwa Jean-Luc, mbebaji wa wagonjwa, jasho likimtiririka. Yeye na wenzake walikuwa wamembeba Muhawenimana, mwenye uchungu wa kuzaa, kwenye kipoyi, machela ya miti. Kutoka kilimani aliita Muheto mara tatu kwa redio ya wabebaji ili pikipiki iwasubiri barabarani, akapata mlio wa kungoja tu. Ikabidi akimbie. Papa Karangwa, aliyefika nyuma yake, alituma pikipiki mara moja, kisha akaitikisa redio.

"Hii betri itatuletea kifo," alisema.

Ilikuwa rahisi kuiachia betri lawama. Uwamwezi akasogea mbele.

"Papa, si betri, njo mimi. Nilikuwa naongea na Mama."

Papa Karangwa aliketi kando ya redio, akangoja habari. Saa nane habari ikaja: Muhawenimana amejifungua msichana, wote wazima. Uwamwezi akalia kwa sauti. Ndipo Papa Karangwa akasema.

"Ungenyamaza, tungebadilisha betri, na siku ingine mutu angekufa. Ukweli wako njo umetengeneza hii redio. Lakini sikia, mutoto wangu: ukifinya hii kitufe bila kuachilia, wengine hawawezi kuingia, na weye hausikie mutu."

Saa kumi vituo vyote hujaribu redio. Zamu ya Pinga ilipofika, Nestor alieleza kwamba Verdiane alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Alikuwa amemwitikia mwanawe, lakini sauti yake haikupata pa kupitia.

Papa Karangwa akampa Uwamwezi redio. "Jaribio la leo ni lako. Neno moja, halafu achilia."

Uwamwezi akabonyeza.

"Mama."

Kisha akaachia kitufe, akasikiliza.