Alitafsiri Kila Neno, Nikakosa Chuo

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Naishi karibu na soko la Mbumbuni pamoja na mama yangu na mwanangu mdogo. Kazi yangu ni kuuza nafaka. Siku ya soko mtanikuta hapo nimekaa nyuma ya gunia la ndengu, kikopo mkononi. Wateja wakinisikia nikiongea Kiingereza na wageni hushangaa, huniuliza nilisomea wapi. Mimi hucheka tu na kuwaongezea ndengu kidogo ili wasiulize tena.

Leo sitacheka. Nimelibeba jambo hili mpaka kifua kimechoka... na nyinyi msionijua ndio nitakaowaambia.

Lakini kwanza lazima niwaeleze nyumba nilimozaliwa. Msiniharakishe tafadhali, maana ni hapo hapo mambo yangu yalipoharibikia.

Palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Mutua. Alioa, ila mkewe hakujaliwa mtoto, na Mutua mwenyewe akafa angali kijana. Mjane wake akabaki na shamba, ng'ombe, na jina la mume lisilokuwa na wa kulibeba. Kwetu Ukambani mama kama huyo hakuachwa hivyo. Alikuwa na haki ya kutoa mahari ya mbuzi na ng'ombe, akaoa msichana na kumleta katika boma la marehemu. Msichana huyo huitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa marehemu, wanaitwa kwa jina lake na wanarithi shamba lake. Amezaa na nani? Hilo haliulizwi. Kuuliza ni kulitukana boma zima.

Mama yangu, ambaye namwita Mwaitu kama tunavyowaita mama zetu wote, ndiye aliyeletwa. Mjane aliyemleta tulimwita Susu, yaani nyanya, kwa sababu alikuwa na umri mkubwa. Wanawake hao wawili walinilea bila kunifanya nihisi nimepungukiwa na kitu. Na mimi ni Mueni wa Mutua. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa wa mtu mwingine.

Susu alipenda ng'ombe kuliko chakula. Nilikua nikimwona akilia ng'ombe wake wakifa kwa magonjwa ambayo hakuna aliyeweza kututajia. Ndiyo maana nilipoulizwa shuleni ningependa kuwa nani, sikusema mwalimu wala nesi. Nilisema daktari wa mifugo! Darasa zima likacheka. Mwikali peke yake hakucheka.

Huyo Mwikali alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Baba yake alikuwa amefariki, akawa analelewa na mjomba wake, Mzee Nzioka, mzee wa kanisa mwenye koti safi na sauti ya kuongoza maombi. Mimi na Mwikali tulisoma kitabu kimoja tukigeuza ukurasa kwa zamu. Matokeo ya mtihani yalipotoka sote wawili tukaitwa chuo kikuu. Mimi niliitwa kusomea udaktari wa mifugo, yeye ualimu.

Oh, furaha ya siku hiyo! Susu alicheza ngoma uani na magoti yake mabovu. Alikwenda hadi kwenye kaburi la Mutua na kumwambia kwa sauti kwamba mtoto wake atatibu ng'ombe wa nchi nzima.

Lakini hiyo ilikuwa ile miaka serikali ilipoanza kuwatoza wanafunzi wa chuo kikuu karo. Wale waliotutangulia walikuwa wakienda na sanduku tu na kulipiwa kila kitu. Sisi tukaambiwa tujitafutie. Na ukame nao ukaja na kumaliza ng'ombe wa Susu. Tungejitafutia wapi?

Hapo ndipo Mzee Nzioka alipotuletea habari njema. Kulikuwa na ufadhili wa wageni fulani waliokuwa na ofisi yao Sultan Hamud. Walikuwa wanalipia chuo watoto waliofiwa na baba. Nafasi ya sehemu yetu ilikuwa moja tu. Walimu walipeleka majina, langu likawa la kwanza kwa sababu ya alama, na la Mwikali likanifuata. Mzee Nzioka alikuwa katika kamati, na ndiye aliyekuwa akiwatafsiria wale wasiojua Kikamba. Alitushika mikono, mimi na Mwaitu, akasema, "Msijali. Mimi nitakuwa ndani. Mtu wenu yuko."

Mtu wetu! Mwaitu alimshukuru mara nyingi. Alikaa wiki nzima akisuka kiondo kizuri cha kumpelekea mama mzungu aliyekuwa mwenyekiti.

Siku ya mahojiano tuliingia chumbani tukiwa wawili. Ndani walikuwa watatu: yule mama mzungu, karani wake kijana kutoka pwani, na Mzee Nzioka. Mama mzungu alikuwa mpole. Alinisifu kwa alama zangu, akaniuliza kuhusu ng'ombe, nikamjibu mpaka akatabasamu. Kisha akasema sasa nikae kimya, maana mzazi lazima ajibu mwenyewe, na mtoto asimjibie.

Akauliza mume wa Mwaitu alifariki lini. Mzee Nzioka akamgeuzia Mwaitu kwa Kikamba.

Mwaitu akakaa wima, maana swali la Mutua alilijua vizuri. Akasema, "Mutua alikufa ile njaa ya kwanza. Mimi nilikuwa bado kwa baba yangu, sijaletwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu yeyote wa kwetu angeisikia sentensi hiyo na kujua mara moja huyu ni mke wa namna gani na mtoto huyu ni wa nani. Mzee Nzioka aliisikia. Akamgeukia mama mzungu na kusema kwa Kiingereza chake cha taratibu: anasema mumewe alikufa kabla yeye hajaolewa.

Hakuongeza kitu!

Mama mzungu alivua miwani. Akauliza, basi baba wa msichana huyu ni nani? Mwaitu akajibu kwamba ni Mutua. Mutua huyo aliyekufa? Ndiye. Yule mama akamtazama karani wake, karani naye akaangalia meza. Kisha likaja swali ambalo sitalisahau maisha yangu yote. Akauliza ni mwanamume gani hasa aliyemzaa huyu mtoto.

Nilimtazama Mzee Nzioka. Nilijua hatalitafsiri. Mkamba gani angemuuliza iweto swali hilo mbele ya mtoto wake?

Alilitafsiri. Neno kwa neno, bila hata kulipunguza makali.

Mwaitu alivuta leso akaziba mdomo. Angetaja jina, angekuwa amemwaga mbele ya wageni yote ambayo Susu aliyajenga. Hakulitaja. Alitazama kiondo chake miguuni.

Sikuweza kuvumilia. Nilisimama, nikaanza kueleza, Kiingereza chote nilichojivunia kikanitoroka! Nikajisikia nikisema kwamba mama yangu aliolewa na mwanamke. Sasa mnacheka? Hata mimi ningecheka kama si mimi. Mama mzungu alishika shavu. Akauliza taratibu kama sisi ni Wakristo.

Nikamgeukia yule mtu wetu. "Mzee, si uwaelezee! Wewe unajua!"

Akakunja mikono juu ya koti lake. "Mimi hapa natafsiri tu, mtoto. Ni yeye alisema, si mimi."

Tulitoka. Mwaitu alikuwa ameacha kiondo chini, karani akatukimbilia nacho na kusema zawadi haziruhusiwi. Tulirudi nyumbani. Ningemwambia nini mama yangu? Kwamba alikosea kusema kweli?

Nafasi ile alipewa Mwikali.

Msinielewe vibaya. Mwikali alistahili, baba yake alikuwa amekufa kweli na alama zake zilikuwa nzuri. Mpaka leo sijui kama alijua yaliyotokea chumbani. Alikuja kuniaga akalia shingoni mwangu, nami nikalia. Sikujua kama namlilia yeye au najililia mwenyewe...

Kabla hajaondoka nilikwenda kwa mjomba wake. Nilimpigia magoti. Nilimwomba aende tu Sultan Hamud aeleze iweto ni nini, kwamba mimi si mwongo na mama yangu si malaya. Alinisikiliza vizuri, akaagiza niletewe uji. Kisha akasema, "Nilisema yale mama yako alisema. Kwani ulitaka niongeze yangu?"

Nilijaribu kwenda peke yangu. Mama mzungu alikuwa ameshasafiri kwao likizo, na karani akaniambia uamuzi ukishapita haurudi. Alinihurumia, niliona. Lakini huruma ya karani ingenifikisha wapi?

Niliporudi ndipo Susu aliponiita. Tulikuwa tumemficha mambo, lakini sokoni hapafichiki kitu. Akaniuliza nani alikuwa anatafsiri. Nikamtajia.

"Nzioka?" akasema. "Nzioka huyu wa kanisa?"

"Huyo huyo, Susu."

Alipapasa fimbo yake. Kisha akaniambia kitu kilichonifanya nikae chini. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe alikunywa kaluvu, pombe yetu ya asali, siku mama yake Nzioka alipoletwa. Alikuwa ameletwa na mjane mmoja mzee wa ng'ambo ya mto. Nzioka naye alikuwa mtoto wa iweto! Alizaliwa kama mimi, akaitwa jina la marehemu kama mimi, na shamba analolima alilipata kwa njia hiyo hiyo!

Kwa hiyo alijua. Hakuna mtu Ukambani kote aliyejua zaidi yake.

Susu alikwenda kwake kwa miguu, mgonjwa alivyokuwa. Sikumwona akiondoka. Aliporudi alisema alikaribishwa kiti na chai. Nzioka alimwambia kwa heshima zote, "Mama, hayo ni mambo ya zamani tuliacha. Mimi niliokoka. Watoto wangu hata hawajui." Susu alimwambia hakuja kumwaibisha, amekuja kumwombea mtoto. Nzioka akamjazia kikombe tena.

Mngefanya nini, ndugu zangu? Ningesimama kanisani nipige kelele? Ningemvua nguo mama yake ambaye yuko kaburini, ili na yeye aonje? Nilitamani, Mungu anajua nilitamani. Lakini kumwaibisha yeye kwa jambo hilo ilikuwa ni kukubali kwamba ni aibu. Na kama ni aibu, mama yangu ni nani?

Tulijaribu harambee. Mwaka wa njaa nani ana cha kutoa? Watu walikuja, wakaimba, wakatoa walichokuwa nacho, na mgeni wa heshima hakutokea. Kile kidogo kilichopatikana kilimalizwa na hospitali, kwa sababu Susu hakuinuka tena baada ya ile safari ya kwa Nzioka. Chuo kilifunguliwa bila mimi.

Siku zake za mwisho Susu alikuwa na wazo moja. Alinishika mkono. Akasema niende nikamwulize Mwaitu jina la yule mwanamume, nimtafute, niandikwe kwake. Labda ana mali. Labda wageni watanikubali. "Mutua mwachilie," akasema. "Mimi nitamweleza huko ninakoenda."

Wasomaji, mnaelewa alichokuwa anasema? Maisha yake yote, mahari yake, mifugo yake, vilikuwa kwa ajili ya jina hilo tu. Na sasa alikuwa ananipa ruhusa ya kulitupa, ili nisome! Alidhani ni yeye aliyeniharibia. Aliniuliza, "Ni mbuzi zangu zilifanya ukose shule?" Nilimwambia hapana, hapana, Susu! Sidhani kama aliniamini. Alikufa juma lile lile.

Sikumuuliza Mwaitu jina lolote. Nilipopata mtoto wa kiume, sina mume na sitaki kueleza zaidi, nilimwita Mutua. Mwaitu alimbeba siku nzima bila kumpa mtu. Kile kiondo ndicho anachomwekea nguo zake.

Sina elimu ya chuo ya kuwashauri nayo. Lakini nawasihi. Wewe mwanafunzi unayekwenda mbele ya wafadhili, usimwachie mtu mwingine ulimi wako, hata awe mzee wa kanisa, hata awe amekushika mkono. Eleza nyumba yenu mapema, kwa maneno yako mwenyewe, kabla hujaulizwa. Nyinyi wafadhili, mkisikia jambo msilolielewa, ulizeni mara ya pili kwa mtu mwingine. Na wewe unayeketi katikati na kujua lugha zote mbili, nakuomba... maneno yakiwa sahihi na mtoto anaangamia mbele yako, fungua mdomo useme ulijualo! Utapungukiwa na nini?

Mwikali sasa ni mwalimu mbali na hapa. Sina kinyongo naye. Mjomba wake bado anaongoza maombi. Siku ya soko hupita mbele ya gunia langu, koti safi kama zamani, na kila mara husimama kunisalimia.

"Mueni wa Mutua," huniita mbele ya watu wote, "mko salama?"

Hulitaja jina hilo bila kusita, kama mtu wa kwetu anavyopaswa kulitaja. Nami hupima ndengu zangu na kumjibu kwamba tuko salama, Mzee.