Ziwa Alilomsimulia

"Wifi, usikate simu!"

"Mimi si wifi yako. Wifi yako yuko huko huko mliko."

"Hakuna wifi huku, niko mimi na mguu wangu. Nimeteguka!"

Fundi alisimamisha cherehani. Shati la shule likabaki limebanwa na sindano, mkono mmoja umeshonwa, mmoja bado. Sauti ile aliijua: dada mkubwa wa Redio, yule mwanamume aliyemwacha miezi kadhaa nyuma; mama mnene, mcheshi, aliyechukia kukimbia kama mtoto anavyochukia dawa chungu.

"Umeteguka wapi?"

"Huku juu, maporomoko ya pili. Mdogo wangu amekaa juu ya jiwe, amenuna. Mimi siwezi kumshusha. Njoo umchukue."

"Amesema nije?"



"Hajasema usije."

Mtu mwenye akili zake angekataa. Redio alimwacha kwa ujumbe wa sauti, mfupi kama tangazo: "Jumamosi usije. Nimepata mtu mwingine wa kukimbia naye." Hakutaja sababu. Na ujumbe huo ulikuja wiki ile ile ambayo Fundi alijikaza, kwa mara ya kwanza, akamwambia anampenda. Aliulilia mpaka shangazi yake, mwenye karakana, akamwomba akalilie nje kwa sababu mashati ya watu yanalowa.

Leo shangazi alimtazama akivaa raba, akatikisa kichwa.

"Unakwenda kwa yule yule?"

"Nakwenda kuuliza nilikosa nini, shangazi. Nikishajua nitarudi nishone."

"Haya. Kushona utashona, lakini mkono wa kushoto utauweka kulia, nakujua."

Redio ni mpokea simu wa hospitali. Ugonjwa ulimchukua macho akiwa mtu mzima, ukamwachia sauti nzuri na masikio yasiyopitwa na kitu. Kila Jumamosi asubuhi Fundi alikuwa akimwongoza kwenye ile njia ya wakimbiaji: inapanda kutoka mjini, inapita maporomoko mawili ya maji, kisha inateremka hadi ziwani. Kila mmoja alishika ncha yake ya kamba fupi, na mdomo wa Fundi ukawa macho yao wote wawili. Mzizi. Jiwe kushoto. Inua mguu.

Hata alipoachwa aliendelea kukimbia njia ile siku nyingine za wiki, peke yake, na mdomo haukunyamaza. "Mzizi," aliiambia hewa. Waliopishana naye walidhani amerukwa na akili, naye hakuwalaumu. Alimkumbuka mtu yule mpaka mkono wake wa kulia, ule wa kamba, ukawa unajinyoosha wenyewe.

Alipofika maporomoko ya pili, Dada alikuwa chini, kifundo amekifunga kitambaa, analalamika kwa sauti kubwa. Redio aligeuza uso kabla hajasalimiwa.

"Hatua hizo nazijua," alisema.

"Hujambo, Redio."

"Sijambo."

"Basi salamu zimeisha!" Dada akadakia. "Nyie tangulieni. Mimi nitajikokota hadi barabarani, pikipiki itanichukua."

Wakashika kamba. Kwa kitambo hapakuwa na maneno ila ya njia. Jiwe. Tope, kaa kulia. Pumzi zao zikaingia mwendo mmoja bila kupangwa, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko kama zingegongana.

"Yuko wapi huyo mtu mwingine?" hatimaye aliuliza.

"Mtu gani?"

"Uliyempata wa kukimbia naye."

"Si umemwona pale? Amefungwa kitambaa mguuni."

Fundi nusura acheke, kilio kikamwahi.

"Miezi yote hii nilijua ni mwanamke!"

"Dada yangu naye ni mwanamke."

"Usinitanie. Nilikosa nini?"



"Ziwa lina ndege weupe wangapi, Fundi?"

Fundi akasimama ghafla. Kamba ikakaza, Redio akayumba, naye akamdaka kiwiko.

"Nani alikuambia?"

"Kila mtu. Nilisimulia kazini. Nikasema juzi nilikuwa ziwani, ndege weupe wamejaa, mashua zina matanga mekundu, maji yanafika kwenye ngazi za mawe. Walicheka mpaka simu zikaachwa zinalia. Daktari mmoja akaniambia, 'Ndugu yangu, ziwa lile limekauka nusu. Ni tope na chupa za plastiki.'"

"Redio..."

"Nilijiona mjinga. Halafu nikakumbuka siku mbili nyuma ulikuwa umeniambia unanipenda. Nikasema, kumbe. Ananipamba kama anavyolipamba ziwa. Ananionea huruma."

Fundi akajifuta uso kwa kwapa la fulana.

"Wewe uliliona ziwa ungali na macho yako," alisema. "Siku ya kwanza tulipofika uliniambia, 'Nisimulie, bado lina ndege?' Ulikuwa unatabasamu. Ziwa lako lilikuwa limeshakufa. Sikuwa na moyo wa kulizika mbele yako. Nikasema wapo, wametua mbali, ndiyo maana huwasikii. Jumamosi ya pili ukauliza tena, nikaongeza mashua. Nikanogewa. Nilikosa, nakiri."

"Na nitajuaje uongo uliishia wapi?"

"Uliishia mbali. Kilichokuwa chini ya miguu yako sikukudanganya hata siku moja. Nikisema jiwe, lilikuwa jiwe. Uliwahi kuanguka mkononi mwangu?"

"Hapana."

"Nilidanganya ya mbali tu."

Redio akaizungusha ncha ya kamba kidoleni. Kisha, taratibu, kama anayeogopa jibu:

"Na lile neno? Lilikuwa la mbali au la karibu?"

"La karibu. Karibu kuliko jiwe lolote."

Wakatembea mpaka kwenye kidaraja cha mbao, juu kidogo ya pale maji yanapoangukia. Ni chembamba, mtu hupita mmoja mmoja. Dada huwa anamzungusha kwa barabarani.

"Turudi tuzunguke," Fundi alisema. "Dada yako tutamkuta kule, tuone na mguu wake."

"Mguu wake ni mzima. Ulipokuwa unapanda alikuwa anazunguka pale akikuchungulia. Hachechemei hata kidogo."

"Ulijua? Na ukakaa kunisubiri?"

"Nilikaa. Fundi, simu ikilia kazini nasema, 'Hospitali, karibu,' halafu naomba Mungu iwe sauti yako. Kutwa nawaunganisha watu na wagonjwa wao. Mtu wangu hapigi." Akaachia kamba. "Tangulia. Niambie daraja likoje."

"Ni baya. Ukingo wa kulia umeng'oka. Katikati kuna ubao umevunjika."

"Niambie pa kukanyaga."

Fundi alivuka kwanza, akageuka. Maji yalinguruma, ikambidi apaze sauti.

"Mkono wa kushoto kwenye ukingo! Hatua fupi. Nyingine. Nyingine. Simama!"

Redio akasimama, maji yanapita chini yake.

"Mbele yako ndipo pameliwa. Nyoosha mguu mrefu, urefu wa kiti. Ubao unaofuata ni mzima, nimeukanyaga mimi."

Hakuupapasa kwanza kwa ncha ya kiatu. Alinyoosha mguu juu ya uwazi, akaushusha pale pale alipoambiwa, kisha mwingine, mpaka akaufikia mkono wa Fundi. Fundi alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na wote wawili wakabaki wanahema.

Ziwani walifika wakitembea. Redio akaugeuzia upepo uso.

"Haya, nisimulie. Lote."

Fundi akavuta pumzi. "Maji yako mbali, huwezi kuyafikia bila kuzama topeni. Ngazi zimebaki kavu. Kuna tairi. Chupa nyingi. Mashua moja imelala ubavu, imeoza. Ndege hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Pole."

Machozi yalimtoka Redio, hakuyaficha. Alililia ziwa lake kama mtu aliyepata habari za msiba zilizochelewa, na Fundi akamwacha alie, amemshika mkono. Alipotulia, akauliza:

"Na wewe ukoje sasa hivi?"

"Mimi? Nimetapakaa tope. Macho yamevimba. Kamasi zinanitoka. Yaani ukimleta mpiga picha atarudisha kamera mfukoni."

Redio akacheka, kicheko kile ambacho Fundi alikikosa miezi yote.

"Basi ndipo hapa hapa nitakapouliza. Utakubali nije kwa shangazi yako?"

"Kufanya nini?"

"Kuposa."

"Atakukalisha kwenye kiti kibovu, na atakusema sana."

"Huo ni ukweli?"

"Ukweli mtupu."

"Na wewe unasemaje?"

"Njoo," alisema Fundi. "Njoo leo."