Mikate Iliyonuka Mafuta ya Taa

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, kazi ya kurudisha kabatini vitu vya kufungia mikate ilikuwa ya Chapuchapu. Jina hilo alibandikwa na mama yake, kwa kuwa alifanya kila kitu mbio, tena nusunusu. Vitu vyenyewe vilikuwa nailoni ya kufunikia chakula, foili na karatasi ya kuokea, kila kimoja kwenye boksi lake refu. Shida ilikuwa mahali pa kuviweka. Kabati la juu lilijaa makopo yaliyopoteza vifuniko zamani, na ukifungua mlango bila kujihadhari, kopo moja linakuangukia utosini.

"Leo panga hilo kabati," mama alisema huku akipenga kamasi. Mafua yalikuwa yamemkamata vibaya. "Toa visivyo na kazi, maboksi uyasimamishe. Kesho kuna mikate ya chekechea."

"Sawa, mama."

Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Chapuchapu akafungua kabati la chini ya sinki, akayasukuma maboksi nyuma ya dumu la mafuta ya taa, akaufunga mlango kwa goti. Kazi ikaisha.

Asubuhi mama akatoa mikate kwenye oveni. "Nailoni, haraka."

Chapuchapu akalivuta boksi. Upande mmoja lilikuwa limelowa. Akalinusa. Akalifuta kwa sketi yake ya shule, akampa mama bila kusema neno. Mama, pua imeziba kabisa, akaifunga mikate ikiwa bado na uvuguvugu.

Chapuchapu aliporudi kutoka shuleni alimkuta mpishi wa chekechea mlangoni, kapu la mikate miguuni pake.

"Dada, nimekurudishia," mpishi alimwambia mama. "Watoto wameitema, na mmoja ametapika. Nimeonja mwenyewe, ni kama nimelamba utambi."

"Huyo mtoto anaendeleaje?"

"Yuko salama. Lakini mwalimu mkuu amesema nitafute mwokaji mwingine."

Mama alilivuta kapu ndani. Mpishi alipoondoka, mama alikaa sakafuni kando ya kapu. Tangu baba afariki, mikate ya chekechea ndiyo iliyowaweka mjini. Mteja mwingine wa maana hawakuwa naye.

"Labda unga umeharibika," mama alisema kwa sauti ndogo. "Au mikono yangu imechoka. Sijui tena nifanye nini."

Akainuka, akaanza kuuburuta mfuko wa unga kwenda kuumwaga nje. Unga wote waliokuwa nao. Chapuchapu alitamani sakafu immeze.

"Usiumwage, mama. Unga hauna kosa." Akafungua kabati la chini ya sinki. Dumu lilikuwa likivuja mfunikoni, na ubao wote ulikuwa umelowa. "Niliyaweka maboksi hapa. Asubuhi nilisikia harufu."

"Ukanipa hivyohivyo?"

"Ndiyo."

Mama hakumpiga wala kumfokea. Aliugeukia ukuta akalia, na hilo lilimuuma Chapuchapu kuliko fimbo.

Baada ya muda mama alijifuta uso kwa kanga. "Haya, inuka. Tutoe kila kitu."

Walitoa kila kitu. Dumu likahamia kibanda cha nje. Nailoni, foili na karatasi zote zikatupwa. Mama alipofika kwenye makopo, alisita. "Haya ni yangu. Nimeyatunza kama mayai, wewe ukakosa nafasi." Nayo yakaenda. Kabati la juu likabaki tupu kama si lao. Wakakata katoni, wakaiweka rafuni, ili maboksi mapya yasimame ndani yake kama vitabu. Vifuniko vya sufuria wakavipanga nyuma ya mlango, kwenye waya uliopigiliwa misumari.

Kesho yake walikwenda kwa mpishi, na Chapuchapu akaeleza mwenyewe, macho chini. Mpishi akaja kuona jiko. Alifungua kila mlango akainamia kunusa, kama paka anayetafuta samaki.

"Nitamwambia mwalimu mkuu," alisema. "Siahidi kitu."

Zikapita siku nyingi za kimya. Oveni ilikaa baridi. Chakula kilipungua sahanini, na mama aliacha hata kumtania binti yake. Chapuchapu alilisafisha kabati lililokwisha kuwa safi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Kisha mpishi akarudi, akamwomba mama aoke mkate mmoja wa kujaribu, akauchukua. Aliula mbele ya mwalimu mkuu, na jioni akapita tena.

"Dada, kesho lete kama zamani. Ila mimi nitaonja kwanza, kila siku."

"Onja," mama alisema. "Ni haki yako."

Mgeni alipoondoka, mama alimkalisha Chapuchapu kwenye kiti. "Nisikilize, mwanangu. Kujaza kabati ovyo ni uvivu, na huo tuliusafisha kwa jioni moja, wako na wangu. Lakini wewe ulinusa, ukajua, ukanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikomtapisha mtoto wa watu. Siku nyingine ukinusa, sema papo hapo, hata kama kosa ni lako."

"Nitasema, mama."

"Haya. Kalale, kesho tunaoka mapema."