Makawa ya Martina

Mvua ikinyesha Nangurukuru, Martina alikuwa akisikia sauti mbili. Alisikia maji yakidondoka ndani ya sufuria aliyoiweka kando ya kitanda cha mama yake. Kisha alisikia bati la Sada, jirani yake, likilia ta-ta-ta-ta. Sauti hiyo ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Anajidai," alisema asubuhi moja. "Bati tu!"

"Anayejidai ni bati au mwenye bati?" aliuliza mama yake, Bibi Theresia, huku akikohoa.

Bibi Theresia alikuwa na pumu. Masika yaliyopita makuti yalivuja, godoro likalowa, mgonjwa akalazwa hospitali. Masika mengine yalikuwa njiani. Martina alitaka nyumba yake iezekwe kwa bati kabla hayajafika.

"Sada kalipata kwa vipepeo vyake vya kujipepea," mama aliendelea. "Yeye anauza. Wewe umekaa hapa unamsema."

Maneno hayo yalimchoma. Martina alijua kusuka tangu utotoni. Zamani aliuza mikeka ya ukindu. Lakini tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, mikeka ya plastiki ilijaa dukani kwa Dawood, na ya ukindu hakuna aliyeiulizia.

"Kama ni vipepeo, hata mimi naweza," alisema. "Tena vyangu vitampita!"

Hapo ndipo alipoanza kukosea. Wanawake wa pale husuka barazani, miguu wameinyoosha, wakipiga soga. Mpita njia huona, huuliza, huagiza. Martina alijifungia ndani ili Sada asimwone. Alichagua ukindu mwembamba, akautia rangi, akaweka nakshi pembeni, kama vipepeo vya kumpepea bibi harusi. Alipomaliza kimoja, Sada alikuwa ameshasuka rundo zima la vipepeo vya majani ya milala.

Siku ya kuuza ikafika. Basi la Lindi liliposimama kituoni, Sada alikimbilia dirishani akaanza kumpepea abiria. Abiria akatabasamu, akatoa pesa. Martina naye akainua kipepeo chake.

"Hiki ni ukindu, baba, si milala! Tazama nakshi!"

"Mama, mimi nataka upepo," abiria alijibu. "Nakshi nitazipeleka wapi?"

Dereva akapiga honi. Basi likaondoka, likamwachia Martina vumbi na vipepeo vyake.

Alipogeuka, alimwona Sada nyuma ya kibanda akinyunyizia vipepeo vyake maji ya kwenye kopo. Dawa! Martina alirudi nyumbani mbio.

"Mama, Sada anatumia dawa ya mvuto!"

Bibi Theresia alicheka mpaka akakohoa. "Kamuulize mwenyewe."

Kesho yake, palepale kituoni, Martina alimuuliza, lakini si kwa adabu. "Wewe Sada! Hayo maji kakupa mganga gani?"

Mama ntilie wote waligeuka. Sada alimtazama Martina, akachota maji kwa kiganja, akammwagia usoni.

"Haya, nusa."

Yalinukia asumini.

"Ni maji ya kisima na maua," alisema Sada. "Abiria kala vumbi njia nzima. Nikimpepea kwa kipepeo chenye maji, anasikia baridi na harufu nzuri. Mimi nauza upepo, shoga. Wewe unauza kazi ngumu uliyoifanya, na hiyo abiria haijui."

Martina aliona aibu. Lakini wivu haukumwisha.

"Basi na mimi nitatia asumini!"

"Ndiyo tufe njaa wote wawili! Magari ni yaleyale. Tukigombania dirisha moja, tutashushiana bei. Na masika barabara ikikatika, magari hayaji. Mimi mwenyewe wakati huo hali huwa mbaya."

"Sasa nisuke nini?"

Sada akamshika mkono, akamvuta mpaka kwa Devota, aliyekuwa akiuza wali na samaki. Sinia la wali lilifunikwa kwa mfuko wa nailoni. Devota alipoufunua, matone ya maji yaliangukia wali.

"Bwana afya kasema anayeacha chakula wazi atamfungia," alisema Devota. "Nikifunika kwa nailoni, wali unatoa jasho, unachacha. Kawa la ukili la kufunikia sinia nimelitafuta mpaka Kivinje, sikulipata."

"Kawa?" Martina alishangaa. "Hiyo kazi rahisi! Nasuka huku nazungumza."

"Ndiyo hiyo," alisema Sada. "Chagua kinachotoka haraka mkononi mwako, na mnunuzi wake unamwona kwa macho. Mkeka wako plastiki imeushinda. Lakini plastiki haipumui, na kawa linapumua. Milala utaikata mwenyewe, hununui. Ila usikimbilie kusuka rundo. Suka moja, Devota alitumie, akwambie kasoro zake."

Martina akamtazama kwa mashaka. "Kwa nini husuki wewe?"

Sada akauachia mkono wa Martina.

"Nikisuka, ukili wangu unalegea. Kawa langu halisimami, linalala kama kofia ya mlevi. Nakuona ukisuka tangu ulipohamia hapa. Mkono wako nauonea wivu, Martina. Kuna siku nilitamani kukuvunja vidole!"

Wanawake wakaangua kicheko. Martina alifurahi sana, pengine kuliko inavyofaa. Kumbe miaka yote naye alikuwa akionewa wivu, na hakuna aliyemwambia!

Siku hiyo alikaa barazani kusuka. Devota alilitumia kawa la kwanza, akasema ni dogo kwa sinia, tena halina kishikio juu. Martina akalipanua, akaweka kishikio. Mama ntilie wengine wakaliona, wakaagiza. Watu waliokuja kula wakaagiza ya nyumbani. Kila alipouza, alinunua mahitaji ya nyumbani, na pesa iliyobaki aliitunza kwa ajili ya bati.

Mvua ya kwanza ya masika ilimkuta Bibi Theresia juu ya godoro kavu.

"Kelele gani hizi!" alilalamika. "Mtu hata usingizi hapati!"

Martina alifungua dirisha. Ng'ambo, Sada alikuwa amesimama mlangoni, mdomo ameuvuta, akilitazama bati jipya.

"Bati lako linapiga kelele kuliko langu!" alipaza sauti. "Limepigiliwa vibaya hilo!"

"Kweli, shoga," alijibu Martina. "Nisamehe."

Lakini hakuongeza hata msumari mmoja.